Walezi Rika Wasigeuzwe Wanyapara wala Wapelelezi

Tarehe 9 Desemba 2019, Taifa lilipokuwa likiadhimisha miaka 58 ya Uhuru mjini Mwanza, Rais John Pombe Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Wananchi walishangilia, na ilikuwa haki yao kushangilia. Lakini kila mara msamaha wa namna hii unapotolewa, iwe siku ya Uhuru au siku ya Muungano, swali moja hubaki nje ya lango la gereza likimsubiri kila anayetoka: nani anampokea?

Aliyefungwa kwa ugomvi wa mpaka wa shamba huenda akapokewa na ndugu zake. Kijana aliyefungwa kwa kuiba betri ya gari ili apate fedha ya kununua kete ya unga, huyo mara nyingi hana wa kumpokea isipokuwa wale wale aliowaacha kijiweni. Jamaa zake wamekwisha kumchoka. Mama yake alikwisha kufunga mlango siku ile sufuria la mwisho lilipotoweka jikoni. Kijiweni ndiko mahali pekee anakoitwa kwa jina lake bila kutanguliziwa tusi, na huko ndiko miguu yake itakakompeleka kabla jua halijatua.

Hapa pana jambo ambalo si kila mtumishi wa umma analifahamu, nalo ni la kufa na kupona. Mtu aliyezoea heroini, mwili wake hujenga uzoevu, akahitaji kipimo kikubwa zaidi kila siku ili apate hali ile ile. Akikaa gerezani miezi kadhaa bila kuitumia, uzoevu ule hutoweka. Lakini kumbukumbu yake haikutoweka. Atokapo, hutumia kipimo kile alichokiacha, na kipimo kilichokuwa cha kawaida jana leo kinamwua. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 30,237 waliotoka katika magereza ya jimbo la Washington. Waliona kwamba katika wiki mbili za kwanza baada ya kutoka, hatari ya mtu huyo kufa ilikuwa kubwa mara 12 na zaidi kuliko ya watu wengine wa jimbo hilo, na hatari ya kufa kwa kuzidisha kipimo cha dawa ilizidi mara 100. Magereza yao si yetu, na biashara yao ya dawa si kama yetu, lakini mwili wa binadamu ni mmoja. Sisi tunaotangaza msamaha na kisha kurudi maofisini hatuna budi kuzitazama wiki hizo mbili kwa macho makavu.

Katika wiki hizo mbili hakuna hakimu, askari wala daktari anayeweza kukaa na kijana huyo tangu asubuhi hadi usiku. Anayeweza ni mtu mmoja tu: yule aliyepita njia hiyo hiyo, akalala sakafu hiyo hiyo ya mahabusu akitetemeka kwa arosto, akaiacha dawa, na leo anaishi. Huyu haambiwi uongo, kwa sababu uongo wote anaujua. Mwingine aliwahi kuutunga yeye mwenyewe.

Watu wa namna hii tunao. Kliniki ya kwanza ya methadoni ilipofunguliwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Februari 2011, na baadaye zilipofuata zile za Mwananyamala na Temeke, waliokwenda vijiweni kuwatafuta wagonjwa hawakuwa madaktari. Wengi walikuwa watu waliojua njia za vichochoroni kwa sababu walikwisha kuzitembea. Nyumba za upataji nafuu za Unguja na za Bara nazo huendeshwa kwa kiasi kikubwa na watu waliopona wakiwalea wanaopona. Kwa lugha ya miradi wanaitwa waelimishaji rika. Jina hilo ni zuri, lakini kazi yenyewe imekwisha kulipita. Anayemsubiri mwenziwe langoni, akampeleka kliniki, akamsindikiza mahakamani siku ya kesi na kumwamsha asubuhi ili asikose dawa yake, huyo haelimishi tu, analea. Katika makala haya nitawaita walezi rika.

Nakubaliana na wanaosema kwamba kazi hii ipelekwe kwa mpango katika magereza, mahabusu na mahakama. Sheria zenyewe zimekwisha kufungua mlango. Tunayo Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994. Tunayo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, inayomwezesha mwenye kosa dogo kutumikia adhabu yake nje ya gereza. Sheria ya uangalizi wa wahalifu ni ya tangu enzi ya mkoloni. Zote hizi zinamtaka mkosaji aishi miongoni mwa watu, na mtu haishi miongoni mwa watu kwa amri ya mahakama peke yake.

Lakini ninaposikia mipango hiyo ikizungumzwa, nasikia habari za mafunzo, vitambulisho, fulana na idadi ya walezi watakaopatikana. Sisikii swali lililo la kwanza kwa umuhimu: huyo mlezi naye atasimamiwa na nani, na kwa namna gani? Bila jibu la swali hilo ni afadhali mpango usianze, kwa sababu mlezi rika asiyesimamiwa, au anayesimamiwa vibaya, huishia katika mojawapo ya hali tatu, na zote tatu ni maangamizi.

Hali ya kwanza ni kugeuka mnyapara. Msomaji aliyewahi kufanya kazi karibu na magereza anamfahamu mnyapara: mfungwa aliyepewa madaraka kidogo juu ya wafungwa wenzake. Jina lenyewe ni la zamani. Lilikuwapo katika misafara ya wafanyabiashara na katika mashamba ya mkonge, na mahali pote lilikuwa na maana ya mtu aliyetolewa miongoni mwa wanyonge ili awasukume wanyonge. Mnyapara hakuzaliwa mkatili. Amepewa fimbo bila kupewa mtu wa kumwuliza ameitumiaje. Mlezi rika naye ana fimbo yake. Neno lake kwa afisa uangalizi, kwamba fulani hahudhurii, linaweza kumrudisha mtu gerezani. Mwenye neno la uzito huo, asipokuwa na wa kumwuliza kila juma, ataanza kidogo kidogo kuombwa sigara, kisha fedha, na penye walezi wa kiume na wanaolelewa wa kike, yataombwa mengine ambayo gazeti haliwezi kuyaandika.

Hali ya pili ni kugeuzwa mpelelezi, nayo naiogopa kuliko ya kwanza. Mlezi rika anajua nani anauza, anauza wapi, na mzigo unaingia saa ngapi. Polisi nao wanataka kujua, na si kosa lao kutaka. Ndiyo kazi yao. Lakini siku mlezi atakapotoa jina moja tu kituoni, kazi yake imekwisha. Hakuna mraibu atakayemfungulia mdomo tena, na huenda yeye mwenyewe asifike nyumbani salama. Askari mwenye bidii, aliyezoea kupima siku yake kwa idadi ya waliokamatwa, hawezi kuliona hilo. Litaonwa na msimamizi, na kazi yake ni kusimama kati ya mlezi na ofisi ya upelelezi na kusema: huyu si wenu. Kwa hiyo msimamizi huyo hawezi kuwa askari polisi, wala askari magereza, wala hata afisa uangalizi anayeandika taarifa ya mahakama. Mtu mmoja hawezi kuwa sikio la mlezi na kalamu ya hakimu kwa wakati mmoja.

Yapasa iandikwe mapema, kwa Kiswahili chepesi, na isomwe mbele ya anayelelewa siku ya kwanza: mahakama itaambiwa kwamba amehudhuria au hakuhudhuria, basi. Aliyoyasema hayatoki, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini au mtoto akidhuriwa. Kama ikilazimu neno litoke, mlezi haendi peke yake kulitoa. Anakwenda kwa msimamizi, na msimamizi ndiye anayebeba lawama.

Hali ya tatu ni mlezi kuanguka mwenyewe. Hapa naomba nieleweke. Uraibu ni ugonjwa unaorudi, na aliyepona miaka mitano hajapewa kinga ya milele. Sasa tunamchukua mtu huyu, tunamrudisha katika gereza ambalo harufu yake peke yake inamfufulia mambo aliyoyazika, askari anampekua langoni kama alivyompekua zamani, kisha tunampa watu kumi wenye njaa ya dawa awabebe moyoni. Mmoja wao anakufa wiki ya pili. Mlezi anamzika asubuhi, na mchana anatakiwa kumpokea mwingine. Tukisikia baada ya mwezi kwamba ameonekana kijiweni, tunatikisa vichwa na kusema, tulijua tu, hawa hawaponi. Hatujiulizi nani alikuwa akimtazama usoni mwezi mzima uliopita.

Basi usimamizi ni nini? Walimu watanielewa upesi zaidi, kwa kuwa wameishi na wasimamizi wa aina mbili. Wapo wakaguzi wa shule, ambao siku hizi huitwa wathibiti ubora, waliokuwa wakiingia darasani na daftari kubwa, wakaketi nyuma wakihesabu makosa, wakaondoka bila neno, na taarifa ikafika baada ya miezi mitatu kwa mwalimu mkuu. Na wapo wale ambao baada ya kipindi walimchukua mwalimu chini ya mwembe wakamwuliza: yule mtoto wa dawati la mwisho, umemwonaje? Wa kwanza aliogopwa. Wa pili alimfanya mwalimu awe mwalimu. Mlezi rika anahitaji huyu wa pili, tena si mara moja kwa muhula, bali kila juma, saa moja kamili, siku ile ile, mahali pale pale, penye mlango unaofungwa.

Katika saa hiyo mlezi anaeleza habari za watu wake mmoja mmoja. Si kwa ajili ya ripoti. Daftari dogo la mazoezi lenye tarehe na neno moja au mawili linatosha. Msimamizi anasikiliza kinachosemwa na kisichosemwa. Kwa nini juma hili hukumtaja yule kijana wa Temeke, na juma lililopita ulimtaja mara tano? Fedha uliyomkopesha ilitoka wapi? Simu ya saa nane za usiku uliipokea wewe au mkeo? Mkutano wako mwenyewe wa kila Alhamisi, uliokusaidia ukapona, umeuhudhuria mara ya mwisho lini? Swali hili la mwisho lina thamani kuliko yote. Mlezi anayeanza kukosa mikutano yake mwenyewe kwa sababu ana kazi nyingi za kuwasaidia wengine, huyo yuko njiani kuelekea kijiweni ingawa yeye mwenyewe hajajua.

Msimamizi anatazama pia jambo ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni njia. Kila aliyepona anaipenda njia iliyomwokoa. Katika nyumba nyingi za upataji nafuu watu hufuata hatua 12 na kuacha kila aina ya kilevi kabisa. Katika kliniki za methadoni mgonjwa hunywa dawa yake kila siku mbele ya mhudumu, pengine kwa miaka, na anaishi, anafanya kazi, analea watoto wake. Njia zote mbili zimeokoa watu. Lakini mlezi aliyepita njia ya kwanza huweza kumwambia aliye katika ya pili: wewe hujapona, umebadilisha chupa tu. Maneno hayo, yakisemwa na mtu anayeheshimiwa, humfanya mgonjwa aache methadoni ghafla, na mraibu aliyeacha methadoni bila mpango anarudi kwenye unga, tena akiwa na mwili uliopoteza uzoevu. Nimesikia mabishano haya kwa masikio yangu, na si ya chuki. Ni ya mapenzi yaliyokosa mwongozo. Msimamizi aliyefunzwa atamwambia mlezi: njia yako ni ushuhuda, si sheria.

Na methadoni ina hatari nyingine ambayo mlezi na msimamizi wake wanaweza kuiepusha wakiwa na nambari za simu tu. Mgonjwa anakamatwa Ijumaa jioni kwa ugomvi. Yuko mahabusu hadi Jumatatu. Dozi za Jumamosi na Jumapili zimempita, kliniki haijui aliko, yeye anaumwa sakafuni na wenzake wanadhani anaigiza. Akikosa siku kadhaa mfululizo, hawezi tena kupewa kipimo chake cha zamani bila kuchunguzwa upya, maana nacho kinaweza kumdhuru. Mlezi akijua mapema, na msimamizi wake akiwa mtu ambaye mkuu wa kituo anaweza kupokea simu yake, jambo hili linamalizika kwa mazungumzo ya dakika kumi. Mlezi peke yake akienda kituoni, huenda akaambiwa aingie ndani naye.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kigeni, na kwamba tunaiga. Kweli, mwezi Agosti 2007 ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia bima ya matibabu ya wenye kipato kidogo iliyaandikia majimbo barua ikikubali kazi ya wenza wa namna hii ilipiwe, na kati ya masharti yake ya lazima usimamizi ulitajwa, pamoja na uratibu wa huduma na mafunzo yenye cheti. Lakini hatukuhitaji kungoja barua ya Wamarekani. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, nchi hii iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusoma na kusikiliza redio, chini ya viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliotolewa vijijini miongoni mwa wananchi wenyewe. Wengi wao hawakuwa na elimu kubwa. Walifunzwa kwa muda mfupi, wakapewa kitabu, na redio ikawa nao kila juma. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, vijana waliomaliza darasa la saba walifundisha watoto huku wenyewe wakijifunza ualimu vijijini. Walimu wazee wanajua, na wakiulizwa watasema bila kuficha, kwamba mahali mkufunzi alipofika kumtazama kijana huyo, alipatikana mwalimu. Mahali alipoachwa peke yake na chaki, watoto waliumia. Hakuna asiyejua kwamba aliyeumia alikuwa mtoto, lakini kijana yule naye aliumia, maana alibeba lawama ya kazi ambayo hakusaidiwa kuifanya. Hata mjumbe wa nyumba kumi, anayeishi na watu wake na kujua nani hajala, hakuwekwa pale awe kisiwa. Juu yake lilikuwapo tawi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sitalidharau. Watu wanauliza: je, mwizi amwongoze mwizi? Umma unaweza kumkabidhi mtu aliyewahi kufungwa dhamana ya kuingia na kutoka gerezani? Wanaouliza hivyo si wabaya. Wamewahi kuibiwa. Nami nakiri kwamba miongoni mwa wanaojiita waliopona wapo waliopona mdomo tu, na wapo waliotumia kitambulisho cha mradi kupitisha mzigo. Lakini pingamizi hilo likitazamwa vizuri linadai usimamizi. Halidai kazi iachwe. Mlezi achaguliwe na watu wanaomjua, awe amekaa muda wa kutosha katika nafuu yake, aanze na watu wawili, aongezwe polepole, wala asizidi wanane au kumi. Apekuliwe langoni kama anavyopekuliwa mgeni yeyote, kwa heshima ile ile anayopewa mchungaji au shehe aingiapo kuhubiri. Akikosea, atoke. Ila kosa na kuanguka visichanganywe. Aliyeuza dawa ndani ya gereza amefanya jinai na sheria ipo. Aliyerudia kutumia ameugua. Aondolewe kazini kwa muda, arudishwe katika matibabu, na ajue tangu siku ya kwanza kwamba mlango wa kurudi upo. Pasipokuwa na mlango huo, ataficha, na anayeficha huku analea ni hatari kuliko aliyekiri.

Yuko pia atakayesema Serikali haina fedha. Hapo ndipo ninapopata shida ya kuzuia kalamu. Tumewahi kupata fedha za semina za siku tatu katika hoteli za mjini, zenye mabango, chai mara mbili na picha ya pamoja mbele ya ngazi. Baada ya picha hiyo wahitimu hurudi mitaani na vyeti vyao, mradi hufunga vitabu, na hakuna anayewauliza tena hali. Gharama ya saa moja ya afisa ustawi wa jamii kila juma haifiki bei ya bango lile. Tatizo letu si fedha kwanza. Tumezoea kuhesabu waliofunzwa kwa sababu wanahesabika, wala hatuhesabu waliosikilizwa.

Hata hivyo isije ikadhaniwa kwamba maafisa ustawi wa jamii ni malaika wasiochoka. Ni wachache, na halmashauri nyingi humpa mmoja kazi za wanne: yatima leo, wazee kesho, ndoa zilizovunjika kila siku. Akiongezewa walezi rika kama mzigo wa ziada usioandikwa popote, atawasimamia kwa simu, kisha kwa salamu, kisha basi. Usimamizi huo yapasa uandikwe katika orodha ya majukumu yake, upimwe mwisho wa mwaka kama majukumu mengine, na walezi walio chini yake wasizidi sita. Naye afunzwe. Shahada ya ustawi wa jamii haimfundishi mtu arosto ni nini, wala kwa nini mlezi hodari huanza ghafla kuchelewa. Mtu bora wa kumfunza ni mlezi mkongwe mwenyewe, na hao wakongwe wapate siku moja kupanda wakawa wasimamizi, kwa cheo na mshahara unaojulikana. Kazi isiyo na ngazi ya kupanda humchosha hata mwenye imani.

Na walipwe. Nasema hivyo nikijua kwamba neno kujitolea lina heshima yake katika historia ya Chama na Taifa letu. Lakini aliyejitolea kuchimba mtaro wa maji kijijini siku ya Jumamosi alirudi kwenye shamba lake. Mlezi rika hana shamba. Wengi wao walipoteza kila kitu, na tunapowapa nauli peke yake kwa miaka, tunawaacha mita chache kutoka kwa muuzaji wa unga ambaye anajua kulipa kwa wakati. Msimamizi mwenye bidii atakuwa wa kwanza kuandika kwamba mlezi wake ana njaa, kama tu kuna anayesoma anachoandika.

Siku ya Uhuru itafika tena, na huenda majina yatasomwa tena. Kabla hayajasomwa, kila mkoa wenye gereza ungeweza kuwa na orodha ya pili mezani: majina ya walezi watakaosimama nje ya lango asubuhi hiyo, mbele ya kila jina la mlezi jina la msimamizi wake, na mbele ya jina la msimamizi siku ya juma na saa wanayokutana. Orodha hiyo ni karatasi moja. Makatibu tawala wa mikoa wanaweza kuidai kesho asubuhi, na palipo na nafasi tupu mbele ya jina la mlezi, wajue ni nani wa kumwuliza.